Picha ya Kichwa cha Mama

Ronald aliinua picha ya ubongo wa mama yake dirishani, jua la Kilema likapenya ndani yake.

"Oneni wenyewe. Umesinyaa! Hapa peusi ni patupu. Mtu wa hivi ataachiwaje kihamba, shamba la ukoo?"

Wazee wa ukoo wakanyoosha shingo. Theopista, mwenye kichwa chenyewe, alikaa kwenye kigoda. Mwaka mzima sasa hakuwa na hamu ya kula wala ya kupalilia. Ronald alitaka migomba na kahawa viwe vyake, naye mama ahamishiwe mjini, Kiboriloni. Tangu wanunuzi binafsi waje na bei zao duni, alisema, kahawa ni kuni tu.

Salvina, mke wa mdogo wake Ronald, akamhamishia mtoto wake mchanga kwenye titi la pili. Yeye ndiye aliyempeleka mama hospitali.

"Shemeji, daktari alisema wazee wengi ubongo hupungua kidogo. Mama ana sonona, tena nyepesi. Inatibika. Akili anazo."

"Masomo yako ya jioni hayo yamekulevya! Nyonyesha, shemeji. Ulikuja hapa kuolewa, siyo kutufundisha."

Watu wakacheka. Uso ukamuwaka Salvina. Mama akitengwa na migomba yake, aliwaza, atakwisha.

Ronald akaona amalize kazi. Akachomoa jani la isale alilolikata mpakani mwa shamba, akapiga goti, akamwekea mama yake mkononi. Kwa Wachagga, anayepewa isale hakatai.

"Pokea, mama. Niachie kihamba."

Theopista akaligeuza jani, polepole mno, hata Ronald akaanza kutabasamu.

"Umenikosea nini?"

"Mimi? Sijakukosea."

"Isale ni la kuombea msamaha. Halichukui shamba. Taja kosa."

"Mnaona? Amechanganyikiwa."

"Taja!" alifoka mzee Basili, shemeji yake Theopista. "Umeshapiga goti mbele ya ukoo. Au unachezea isale, ulaaniwe?"

Jasho likamtoka Ronald. "Nimeshamkubalia mtu wa Sanya Juu kumuuzia kihamba. Kesho analeta watu wang'oe kahawa."

"Mwizi!" mtu akasema.

"Nimekusamehe," Theopista alisema, "isale limenilazimu. Kihamba sikupi. Kamrudishe mtu wako."

Akajikongoja hadi chumbani, akalala akitazama ukuta kama jana. Salvina akamfuata na kidonge na uji.

"Sina hamu, mwanangu."

"Najua, mama. Meza kidonge tu. Hamu tutaingoja wote."

"Wewe ndiye uliyemfundisha maneno yale!" Ronald akabwata nje ya dirisha. "Mchawi wewe!"

Theopista akafumbua kinywa, akameza.