Mkwe Aliyeingia Chumbani

Saa moja asubuhi, tarehe tisa Julai 1974, Nzilani alirudi kutoka mtoni na kumkuta mama yangu, Syokau, amelazwa kwenye benchi la sebule, hapumui. Kando yake alisimama mume wangu, Mbuvi, aliyekuwa amewasili kijijini kwetu Kabati alfajiri hiyo na lori la mabati kutoka Mtito Andei.

Nzilani ni mke wa kaka yangu. Ndiye aliyepika chakula cha jioni iliyotangulia, na wiki hiyo hiyo watu walimsikia sokoni akigombana na mama. Polisi walimkamata siku ya mazishi. Mjomba wangu Kivuva alidai Nzilani ametia sumu chakulani, na uchunguzi wa kifo ulipoanza katika mahakama ya Kitui akarudia madai hayo.

"Aliyempakulia ni nani?" aliuliza. "Au sufuria ilijipakua yenyewe?"

Watu walicheka. Nzilani, akiwa kati ya askari wawili, alitazama mbele.

Daktari alieleza kwamba hakuona sumu, ingawa vipimo vyake havikuweza kugundua kila sumu. Jambo moja lilimtatiza: damu ilikuwa nyekundu kuliko kawaida, kama ya mtu aliyevuta hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa. Lakini taarifa ya polisi ilisema marehemu alikutwa sebuleni, na sebule ile ilikuwa wazi upande mmoja.

Taarifa hiyo ilitolewa na Mbuvi.

Alipoitwa, alikataa kiti. "Mheshimiwa, niliwadanganya polisi. Sikumkuta sebuleni. Nilimtoa chumbani mwake, kitandani."

Kelele zikazuka. Kwetu Ukambani mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Hata wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Anayeivunja hujiaibisha yeye na mke wake, na humwaibisha mama mwenyewe, hata akiwa kaburini.

"Nyamaza, wewe!" Kivuva alisimama. "Huyo ni dada yangu unayemtangaza!"

"Mjomba, nimeapa kusema kweli. Sikuapa kukufurahisha."

Hakimu alimwamuru Kivuva aketi. Mbuvi akaendelea. Alipiga hodi, hakuitikiwa. Akasikia mkoromo mbaya chumbani, akaita tena, kisha akasukuma mlango. Dirisha lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Jiko la makaa lilikuwa karibu na kitanda, makaa bado mekundu. Alifungua dirisha, akalitupa jiko nje, akambeba mama hadi kwenye benchi. Huko alivuta pumzi chache, zikakoma.

"Kwa nini ulificha?" hakimu aliuliza.

"Wajomba waliniomba nisitaje chumba, nimlinde marehemu na aibu. Nilikubali, kabla Nzilani hajakamatwa."

"Unajua unaweza kushtakiwa?"

"Najua."

"Na kufungwa?"

"Lori litapata dereva mwingine, Mheshimiwa. Nzilani hana shahidi mwingine."

Kivuva alinigeukia pale nilipokaa. "Mumbua, huyu ndiye mume uliyetuletea?"

"Ndiye, mjomba," nilijibu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Na ningemleta tena."

Hakimu alinionya. Nilistahili kuonywa, na sikuinamisha kichwa.

Askari aliyekagua boma aliitwa tena. Alikiri kwamba aliona jiko limeanguka chini ya dirisha la chumba, na majivu yamemwagika. Alidhani ni la jikoni. Daktari naye aliulizwa kama maelezo ya Mbuvi yanalingana na damu aliyoiona. Alijibu kwamba yanalingana kabisa.

Baada ya mapumziko hakimu alisoma uamuzi. Syokau alikufa kwa hewa ya makaa. Hakuna mtu aliyemuua. Mbuvi alikemewa vikali kwa taarifa ya kwanza, akaambiwa hatashtakiwa. Saa nane mchana askari walisogea pembeni, na Nzilani akatoka kwa mlango wa mbele.