Jiwe Kwenye Kichuguu

Kanisa lilipotaka kusimamisha jiwe la ukumbusho mahali mchungaji Stephen alipokatwa mapanga, ilibidi wamwendee Mwandawiro, mkata mkonge. Mchungaji alizimia siku ile, akazindukia hospitalini Voi. Hakumbuki hata mti. Wanyang'anyi hawakupatikana, na meneja wa shamba aliyembeba, pamoja na dereva wake, walishahama. Aliyepajua ni mgane huyo tu.

Philemon, mzee wa kanisa, alimkuta akikoroga uji wa mtu mmoja.

"Twende utuonyeshe, mzee. Bwana DC anakuja Jumamosi, na jiwe liko tayari."

"Limeandikwa nini?"

"Hapa mtumishi Stephen alishambuliwa, 1954, Bwana akamwokoa."

"Bwana peke yake?"

Philemon akainamia viatu vyake. Nani asiyejua? Mkamburi, mke wa Mwandawiro, alikuwa anatoka kuchanja kuni. Alimlalia mchungaji, mapanga yakamwangukia yeye. Gari la meneja likaja, likampakia mchungaji, wakasema litarudi. Lilirudi kesho yake, Mkamburi ameshapoa mikononi mwa mumewe.

"Mwandikeni na yeye, hata chini kabisa."

"Kamati imeshapitisha, mzee. Na jiwe limejaa. Tutamtaja kwenye maombi."

"Limejaa! Hata gari lile walisema limejaa."

Akaipua sufuria, akamtangulia. Kwenye mti wa mgunga, mwisho wa shamba la mkonge, alipita bila kugeuza shingo. Mbele zaidi palikuwa na kichuguu.

"Ni hapa," akasema.

Jumamosi DC alikuja, wakaimba. Mwandawiro alikaa peke yake chini ya mgunga, nyimbo zikimfikia vipande vipande. Alicheka. Waimbieni mchwa, wakubwa.

Watu walipotawanyika, Mideva, aliyekata mkonge mstari mmoja na Mkamburi miaka sita, alikuja akichechemea, macho mekundu.

"Shemeji! Umejificha huku? Nimemwekea Mkamburi maua pale kwa jiwe. Kaburini kwake huko milimani siwezi kupanda na goti hili. Leo angalau nimelia mahali alipoanguka."

Mwandawiro alifungua mdomo. Mideva alikuwa amesimama palepale, kisigino chake kikiwa mahali kichwa cha Mkamburi kilipolala. Lakini akimwambia, kamati itajua kabla jua halijatua, na jiwe lao litahamishiwa hapa, juu ya damu yake, bila jina lake.

"Umefanya vizuri, shemeji."

Mideva alingoja kidogo, akitazama kivuli kilivyokuwa kipana. Mwandawiro hakumkaribisha aketi. Basi akajifunga kanga upya, akashika njia ya kambini.