Robo Tatu ya Saa hadi Mbeya

Jumatano ile asubuhi abiria wa ndege ya Mbeya walipimwa uzito kwenye mizani ya mahindi, mmoja mmoja na mzigo wake, kama kawaida. Atusaye, mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali mjini Sumbawanga, alipanda mizani na kikapu cha maharage ya kumpelekea mama yake. Mama alikuwa mahututi huko Mbeya. Kwa lori, na mvua zile, ungelala kwenye tope usijue utaamkia wapi. Kwa ndege ni robo tatu ya saa, chai uliyokunywa haijapoa tumboni. Ndiyo maana aliuza cherehani yake apate nauli.

Ruhusa ya kazini tu ndiyo hakuwa nayo. Kila alipoomba, mkuu wake, Ndugu Polikarp, alimjibu, "Tutaangalia, ndugu. Nani atapiga chapa taarifa za vijiji vipya?" Jamani, mtu mama yake anakata roho, anaambiwa tutaangalia! Safari hii Atusaye hakuaga.

Ndege iliruka vizuri. Ikapita juu ya Chanji, mtaani kwake, ambako jirani yake Rozina alikuwa anaanika nguo. Ikapita mashamba ya Kasense. Halafu ikapita juu ya Chanji. Rozina alikuwa amefikia mashuka. Injini ilinguruma sawasawa, rubani hakukata kona hata moja, na Chanji ikaja tena. Rozina akapunga mkono. Atusaye naye akapunga, maana adabu ni adabu.

Ilipofika saa sita, Yunusu, mwenye duka la vitenge, akageuka kitini.

"Samahani, dada Atusaye. Ruhusa unayo?"

"Sina."

"Basi ndiyo hiyo," alisema, bila ubaya.

"Mwezi uliopita nilimpakia mwalimu asiye na ruhusa, ikawa hivi hivi," rubani akasema. "Mafuta yanakwisha, dada. Itabidi nikushushe."

"Mama yangu anakufa, kaka. Si robo tatu ya saa tu?"

"Kwa wenye ruhusa."

Wakamshusha palepale walipompandishia. Kikapu akakichukua Yunusu, akaahidi kukifikisha. Ndege ikajazwa mafuta, ikaruka, ikapotelea upande wa Mbeya. Atusaye alilia kwa sauti pale uwanjani mpaka mpima mizani akamletea kiti.

Jioni alikuwa anachochea mkaa mama yake alipoingia kwa mlango wa jikoni, miguu haina hata tope. Atusaye akajua yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakukaa. "Kumbe kwako ndiyo hapa? Nimetoka sasa hivi, nimefika. Pua na mdomo! Nami nimelala kule nikikuita mpaka sauti ikakauka. Ulishindwa nini, mwanangu?"

Atusaye aliacha mkaa, akasimama.

"Haya, jifunge kitenge twende," mama akasema. "Wananizika kesho."

"Siwezi, mama. Sijapewa ruhusa."

Mama, ambaye hakuwahi kuajiriwa, alidhani hajasikia vizuri. Kisha akatoka peke yake, asije akachelewa.

Asubuhi, Atusaye alipomweleza msiba, Ndugu Polikarp alimpa pole kwa mikono miwili. Akasema ruhusa ya msiba nayo wataiangalia. Atusaye akashukuru, akavuta mashine, akaingiza karatasi.