Mashine ya Mzee Nagase

Simu ilimkuta Chizuru kiwandani, amevaa glavu, anapanga mikate ya samaki wa kusaga kwenye trei. Alikuwa Bwana Urabe, meneja wa nyumba ya wazee alikokuwa akiishi baba yake, na sauti yake ilikuwa na upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Bi Nagase, samahani kukusumbua kazini. Baba yako amempiga mhudumu. Kofi la uso, mpaka miwani ikaanguka. Kukataa kunyolewa ndevu tumeshazoea, lakini leo amevuka mpaka. Tungependa uje."

Chizuru akavua glavu, akaomba ruhusa, akapita dukani kununua boksi la vitumbua vya maharage matamu, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Theluji ilikuwa imegeuka tope barabarani, na njia nzima alikuwa akigombana na baba yake kichwani. Mzee mzima! Mtu aliyeendesha teksi mjini Uozu maisha yake yote, kwa glavu nyeupe na kidevu kinachong'aa, leo anapiga watu makofi kama mlevi wa kituo cha treni!

Mzee Heikichi Nagase alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na kikamchukua maneno. Kilimwachia neno moja tu, "siyo", nalo alilitumia kwa kila kitu: kwa njaa, kwa baridi, kwa salamu. Mtoto wake wa kwanza, Toshiyuki, alikuwa na kazi kubwa Nagoya na alikuja mara chache. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wa Chizuru.

Alimkuta baba yake ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Hakumsalimu.

"Baba, umenitia aibu. Unajua ilivyo ngumu kupata nafasi hapa? Unajua? Wakikufukuza nitakupeleka wapi mimi, kwenye friji ya kiwandani?"

"Siyo," akasema mzee.

"Siyo nini? Umempiga au hukumpiga?"

"Siyo. Siyo!" Akageuza uso, na hapo Chizuru akauona vizuri. Chini ya taya kulikuwa na michubuko mirefu, mingine imekauka, mingine bado mibichi. Shingoni vipele vimetunga usaha. Ndevu zilikuwa zimekatwa vipande vipande, huku kipara, huku kichaka.

Bwana Urabe akaingia na tabasamu lake, akapokea boksi la vitumbua kwa mikono miwili. "Ngozi ya wazee ni karatasi, Bi Nagase. Na yeye anatikisa kichwa tukimnyoa, basi anajikwaruza mwenyewe. Tumefikiria njia. Kuna glavu nene isiyo na vidole, inafungwa hapa kwenye kifundo. Tutamvalisha ule mkono mzima wakati wa kunyolewa tu. Ukikubali wewe, yamekwisha."

Mkono mzima. Huo mmoja uliobaki. Chizuru alikuwa amechoka, viatu vimelowa, na neno la kukubali lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Kama baba yake asingemshika kifundo cha mkono, angelitamka.

Alimshika kwa nguvu, akamvuta, kisha akaanza kujisukuma kwa mguu wa kushoto, kiti kikienda upande upande kama kaa. Chizuru akamfuata. Mzee akaelekea ukumbini, akapita mbele ya runinga na wenzake waliokuwa wakisinzia, akasimama mlangoni mwa bafu, akanyoosha kidole.

Ndani alikuwamo Bi Hayasaka, mhudumu aliyepigwa, mwanamke wa makamo, shavu bado jekundu, anakunja taulo. Kando yake palikuwa na kikapu cha plastiki, na ndani ya kikapu mashine moja ya umeme ya kunyolea ndevu, mpini wake umezungushiwa utepe wa kijani.

Chizuru akaitambua mara moja. Mashine hiyo alikuwa akiiona kila asubuhi alipokuwa bado akiishi na baba yake. Mzee alikuwa akinyoa kwanza, uso ungali mkavu, halafu anakifungua kichwa cha mashine, anakigonga polepole juu ya gazeti, anapitisha kibrashi kwenye visu, lakini kwenye wavu unaovifunika hapitishi kamwe, kwa sababu wavu ule ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Kisha tone la mafuta. Hakuruhusu mtu aiguse. Ilipopotea hapa nyumbani mwa wazee, miezi kadhaa iliyopita, Bwana Urabe alimwambia Chizuru kwamba pengine mzee aliitupa mwenyewe na takataka, ndiyo hali ya ugonjwa, na Chizuru akaamini.

"Hii ni ya baba yangu," akasema.

"Ni ya nyumba," Bi Hayasaka akajibu haraka. Kisha akautazama utepe. "Nilivyoambiwa, ni ya nyumba. Ile ya zamani iliharibika. Hii tunaitumia kwa wanaume wote wa ghorofa hii."

"Wote?"

"Asubuhi tuko wawili, Bi Nagase, na wanaume wamejaa ghorofa nzima."

"Mnaisafisha?"

"Tunaifuta."

"Mnaifuta!" Chizuru akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga. Wavu ulikuwa umepasuka upande mmoja, ufa mdogo wenye kingo zilizosimama kama meno ya paka. Akapitisha kidole. Damu ikatoka. Akabonyeza pembeni, kichwa kikafunguka, na harufu ikamrudisha nyuma hatua moja.

Alitoka na mashine mkononi, akaingia ofisini kwa Bwana Urabe bila kubisha hodi, akaigonga juu ya meza yake, karibu na kikombe chake cha chai. Vikamwagika vumbi na nywele, nyeupe, za kijivu, nyeusi, zimegandamana na mafuta na magamba ya ngozi za watu.

"Hizi za nani?" akauliza. "Hebu niambie. Hizi nyeusi za nani? Baba yangu hana unywele mweusi hata mmoja!"

"Bi Nagase, tafadhali, punguza sauti."

"Za nani? Kuna aliyekufa humu? Maana naona mmezika ukoo mzima ndani ya mashine ya baba yangu! Ukaniambia ameitupa. Ukaniambia ni ugonjwa. Mmemwibia, mkamkata uso na mali yake mwenyewe, na alipokataa mkaniita nije niwapigie magoti na vitumbua! Na mkono mlitaka mumfunge!"

"Ilikuwa ni kutoelewana kati ya zamu na zamu..."

"Vitumbua vyangu viko wapi?" Akaliona boksi kwenye rafu, akalichukua, akatoka nalo.

Nje, kwenye maegesho, akampigia kaka yake. Toshiyuki alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi ndefu.

"Chizuru, mdogo wangu, nimekuelewa. Lakini usiwakoroge hao watu. Tukitolewa pale, je? Waombe radhi kidogo, yapite. Mimi nitamtumia mashine nyingine, nzuri, ile inayokaa kwenye kituo chake, inajiosha yenyewe."

"Niwaombe radhi mimi?"

"Maneno tu."

"Kaka, maneno ndiyo baba hana! Ana moja tu, na wote tumelisikia mwaka mzima, tukasema mzee amekuwa mkorofi. Mimi nimemsema leo, mimi, hata uso wake sijautazama. Wewe njoo umtazame, halafu uniambie habari ya maneno." Akakata simu. Nusu ya hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumapili alimtoa baba yake nje. Bwana Urabe alisema hali ya hewa hairuhusu. Chizuru akamfunga mzee skafu mpaka puani, akamsukuma hadi kwenye gari.

Kwenye duka la vifaa vya umeme mashine za kunyolea zilikuwa zimejipanga ukuta mzima. Muuzaji aliyevaa koti jekundu akaja akikimbia, akasimama mbele ya Chizuru, akaanza kuimba sifa za ile kubwa kuliko zote, yenye visu vingi na kituo cha kujioshea. "Baba atafurahi sana. Baba ana ndevu ngumu au laini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo chini."

"Ah, samahani. Nilidhani..."

"Ulidhani vibaya. Mpe mkononi."

Mzee aliipima ile kubwa kwa mkono wa kushoto. Ilimwelemea, kichwa cha mashine kikainama. "Siyo." Akairudisha. Nyingine ilikuwa na kitufe kigumu, kidole gumba hakikuweza kukisukuma. "Siyo." Ya tatu ilikuwa na kichwa cha duara, akaiwasha, akaiweka sikioni, akakunja uso kama mtu aliyesikia injini inayogonga. Muuzaji alitaka kucheka, akamwona Chizuru, akaacha. Mwishowe mzee akashika moja ndogo, nyepesi, yenye wavu, isiyo na mbwembwe. Akaiwasha. Akaizima. Akakifungua kichwa kwa kidole gumba peke yake, na kikafunguka. Akamtazama binti yake.

"Inaoshwa kwa maji?" Chizuru akamuuliza muuzaji.

"Hata chini ya bomba, mama."

"Na wavu wa akiba?"

"Upo. Ule wa juu ukichakaa unabadilisha wewe mwenyewe. Lakini kama ni zawadi, mama, kwa kweli ile kubwa..."

"Siyo zawadi," akasema Chizuru. "Ni yake."

Kunyoa kulifanyika palepale ndani ya gari, kioo cha dereva kimegeuzwa, injini inawaka kwa ajili ya joto. Mzee alianza kwa kugandamiza, kama alivyozoea kwa mkono wa kulia, akashtuka kwa maumivu. Kuvuta ngozi hakuweza, maana mkono wa pili ulikuwa umelala pajani. Chizuru alikaa juu ya mikono yake mwenyewe asimsaidie. Mzee akafikiri. Akajaza shavu upepo, ngozi ikakaza, mashine ikapita. Akajaza la pili. Chini ya taya, penye vidonda, akapaacha.

Waliporudi, Chizuru hakuomba radhi. Alizungumza na mke wa mzee wa kitanda cha jirani, na mke yule akazungumza na jamaa za wazee wengine, na baada ya wiki hiyo simu ya Bwana Urabe haikupumzika. Alimwita Chizuru akamwambia, upole wote umemtoka, kwamba kama hakuridhika yuko huru kutafuta pengine.

"Nitakapopata pengine nitakuaga," akajibu. "Mpaka hapo, mzee wangu ananyoa mwenyewe, na hakuna mkono utakaofungwa humu."

Kikapu cha bafuni kiliondolewa. Kila mwanaume akawekewa mashine yake kwenye mfuko wenye jina lake. Bi Hayasaka alikuja kumwomba radhi mzee, akainama mpaka chini, naye mzee akamwinamia pia, kwa ajili ya lile kofi. Chizuru alisimama kando. Kusamehe kulikuwa bado mbali naye, na hakutaka kujifanya.

Theluji ilipoyeyuka Toshiyuki akaja, suti nyeusi, boksi kubwa kwapani: ile mashine yenye kituo. Aliiweka mezani, akaanza kutafuta soketi. Baba yake alikuwa amemaliza kunyoa na gazeti lilikuwa limetandikwa magotini.

"Si mngesubiri hii tu," Toshiyuki akasema. "Inajiosha yenyewe, hakuna haja ya kuhangaika na vibrashi."

Chizuru akachukua mashine ndogo, akampa kaka yake pamoja na kibrashi. "Fungua."

"Nifungue vipi?"

Hakumwelekeza. Alikunja mikono kifuani, akamwacha. Toshiyuki akabonyeza huku, akavuta kule, kichwa kikaruka ghafla, na ndevu za baba yake zikamwagikia suruali yake nyeusi. Akabaki anazitazama. Kisha akauinua uso, na pengine ndiyo mara ya kwanza alipoliona taya la mzee, makovu yake ya waridi yamejipanga kwenye ngozi iliyolegea.

"Ni hapa walipomkata?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika mwanawe kidole, akakiongoza kibrashi kwenye visu, taratibu, akikikwepesha na wavu.

Chizuru akachukua koti lake, akatoka kwenda kukaa garini. Bado alikuwa na hasira, na hakutaka waione ikipungua.