Mabinti Wawili wa Hofu

Kitendawili, wajukuu zangu! Nina mabinti wawili: mmoja hanyamazi, mwingine hasemi, na wote nawanyonyesha mimi. Mmeshindwa? Nipeni mji, basi, mtulie nisimulie.

Huko Ucheki, miaka michache baada ya utawala wa Chama cha Kikomunisti kuanguka, alikuwako mama mmoja, Zdena, mkata nakshi kwenye glasi. Kiwanda chao kilikuwa kimenunuliwa na Wamarekani, na siku hiyo bosi mpya, Bwana Hollister, alikuwa akichagua msimamizi wa karakana. Meno nje tangu asubuhi, anamwita "Zdena! Zdena!" kavukavu, kama waliochunga mbuzi pamoja. "Haya niambie, wewe ni hodari kwa lipi?"

Zdena aliona haya hadi masikioni. Kwao mtu hajisifu. Chombo kikitoka kizuri kupita vyote, husema "si kibaya," kisha huendelea na kazi. Akajibu, "Aa, nakatakata tu."

Bwana Hollister akashusha pumzi. "Kafikirie. Kesho nakuuliza tena, na ukikosa jibu nampa Radek." Radek, yule ambaye glasi zake huyumba mezani kama walevi!

Zdena alirudi nyumbani amefura. "Mamarekani haya! Yanacheka hata msibani!"

"Nao wanasema sisi wavivu, kazi yetu kununa," mumewe akachokoza.

"Wavivu? Kwa mkono huu?" Akalala na hasira zake, viazi hakuvigusa.

Ndotoni akajikuta katika nchi ya vumbi la kioo, ambako ardhi ilimeta kuliko mbingu, na mwanamke mtulivu aitwaye Kiasi akamshika mkono, akampitisha sokoni kwa Majigambo, binti mwenye tarumbeta shingoni, anayepiga kelele "Mimi bora! Mimi bora!" hadi mate yamemkauka, mdomo unacheka, macho yanalia. Zdena akapiga makofi: "Ndio hao hasa!" Kiasi akasema, "Usifurahi mapema, mwanangu, njia haijaisha." Akamteremsha handakini alikokaa Kujidunisha, amejifunika gunia, ameikalia glasi nzuri ajabu ili isionekane, huku yeye akimnung'unikia kila apitaye kwamba haioni. Gunia lile Zdena alilitambua: ni aproni yake mwenyewe, na doa lake la chai.

"Zamani kwetu aliyeinua kichwa alikatwa," akajitetea.

"Kweli. Na kwao asiyepuliza tarumbeta hufukuzwa. Hawa ni ndugu, Zdena, mnachekana bure." Ndipo akamwona mama yao, Hofu, ameketi kati ya soko na handaki, akiwanyonyesha, ziwa moja kwa huyu, moja kwa yule, amenenepa.

Akaamka. Hasira kwa Bwana Hollister ilikuwapo bado, ila sasa alijikasirikia na yeye mwenyewe. Miaka yote hii kumbe hofu ndiyo aliyokuwa akiiita adabu!

Kazini bosi alimkuta kwenye jiwe la kukatia, meno nje vilevile. "Haya, Zdena. Wewe ni hodari kwa lipi?"

Radek akakohoa.

"Kwa kukata glasi, hapa hakuna anishindaye," akasema Zdena, uso mwekundu kama tanuri. "Nipe usimamizi. Na fumba mdomo, Bwana Hollister, vumbi la kioo hili litakuingia menoni."