Vya Chungu Kimoja

…na bado anawaka, kijiti cha homa kiseme kitakavyo, nesi aseme atakavyo, huyu niliyempakata anawaka, joto lake linapenya gauni mpaka mapajani kwangu, shingo yake chini ya kiganja changu cha kushoto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na mkono wa kulia nimeuweka mezani kama walivyouweka waganga wenzangu wote, kiganja juu, mkavu, unasubiri bakuli, nalo bakuli linakuja, katibu amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, anasimama mbele ya kila kiti, mjumbe anayekubali anachovya mkono, maji yanazidi kuwa meupe, katibu anasogea kwa mwingine, na mkono mmoja tu ukibaki mkavu basi jambo zima limekwama, ndiyo sheria ya Baraza letu, haijalishi wangapi wamelowa. Wamebaki wachache kabla yangu. Mama Mwenyekiti anasoma taarifa kwa sauti ile ile anayosomea kila kitu, taarifa ya mvua, ya taa za barabarani, ya yule bwana aliyembadilisha rangi mbuzi wa jirani halafu akashindwa kumrudisha, sasa anasoma ya uzi wa homa, kazi ya mheshimiwa mjumbe mwenzetu, yaani kaka yangu, uzi ambao ukifungwa mkononi kwa mtoto mwenye homa huishusha kabla mama hajamaliza kufunga fundo… nusu naisikia, nusu inaniponyoka, kwa sababu Pilipili amejigeuza mapajani na kunung'unika, baridi, Mama, naona baridi, na mimi namfunika kwa mtandio, anaungua na anaona baridi, mwanangu, ambaye jina hilo la Pilipili tulimpa kwa ajili ya mdomo wake, haijapata kutokea akae kikao kizima bila kumuuliza Mzee wa Mvua kwa nini masikio yake yana nywele, leo kimya, leo hata Mzee wa Mvua amemtazama mara mbili, akanong'ona, huyu bibi mdogo vipi, nikamjibu mzima, kijiti kimesema mzima.

Jana mchana alirudi shule akapitiliza jikoni, hata mkoba hakuuvua, akajilaza sakafuni kwenye simenti, nikamgusa, nikasema hii ni homa, na Kaka akawa ndiyo anaingia, maana tangu uzi wake ufaulu majaribio anapita kwangu kila siku kama mwenye harusi, akatoa uzi mfukoni, mwekundu, umesokotwa vizuri, akapiga goti kwenye simenti ile ile na kumfunga mpwa wake mkononi, taratibu, akiuimbia uzi maneno yake ya kazi, halafu akamweka kijiti kwapani na sote tukakitazama kikiwa cheusi cha homa, kikafifia, kikawa kijivu, kikawa cheupe kabisa, mzima. Akanitazama, macho yamejaa machozi, mwanaume mzima na ndevu zake. "Unaona, dada? Unaona?" Nikaona. Nani asingeona. Akaondoka anacheka peke yake ngazini, namsikia mpaka chini, na mimi nikainama kumbusu mwanangu kwenye paji la uso na midomo yangu ikashtuka… moto. Nikachukua kijiti, cheupe. Nikagusa, moto. Kijiti, cheupe. Nikajiambia, wewe mwanamke, mkono si kipimo, hilo ndilo somo la kwanza kabisa maabara, mwalimu wetu alitutumbukizisha mkono mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye maji baridi, halafu yote miwili kwenye ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, na mkono mmoja ukasema baridi na mwingine ukasema moto, ndoo ni hiyo hiyo, tukacheka kweli siku ile, akatuandikia ubaoni, mkono si kipimo, na tukaapa kwa hilo, ndilo linalotutenganisha sisi na wale wapiga ramli wa zamani waliotawala kwa kelele na hirizi, sisi tunapima, sisi tumechaguliwa kwa sababu tunapima. Lakini kitambaa cha maji nilichomwekea kichwani kilikuwa kinakauka kabla sijakamua cha pili, na kitambaa hakikusoma maabara, kitambaa hakina kiburi wala woga. Nikaufungua uzi, kijiti kikarudi cheusi, nikamwita Kaka, akasema kwani ulitegemea nini, dada, ukimwondolea mtu mwavuli si atalowa, na jibu lenyewe limenyooka, nikaufunga tena, nikakaa.

…asilimia mia ya watoto waliojaribiwa, anasoma Mama Mwenyekiti, na bakuli limefika kwa Fundi Taa, Fundi Taa huchovya mkono mpaka kwenye kifundo kama anafua soksi… asubuhi nikampeleka hospitali, baba yake yuko safarini, nikambeba mgongoni japo miguu inaburuza, nesi akachomoa kijiti, cheupe, akaniangalia kwa huruma ile ya kumwangalia kichaa mwenye adabu, nikamwambia mguse, tafadhali mguse tu, akasema mama, sisi hatugusi, tunapima. "Mtoto mzima. Wewe ndiye unahitaji kulala." Akanielekeza mlangoni. Na sikupiga kelele, kwa sababu mimi ni mheshimiwa mjumbe na kwenye benchi kulikuwa na watu walionipigia kura, nikambeba mwanangu mgonjwa nikatoka naye hospitali nikaja naye kazini, ndiyo habari yenyewe hiyo, hospitali imemfukuza mtoto mwenye homa kwa sababu ana uzi mkononi… na nje ya ukumbi huu, pale kwenye korido, nimepita katikati ya makasha yaliyopangwa mpaka dirishani, nyuzi za mji mzima, kesho asubuhi zinaingia shule zote, kila mtoto atafungwa mkononi, awe na homa asiwe nayo, tahadhari, na kila mama atakayegusa shingo ya mwanawe na kushtuka ataonyeshwa kijiti cheupe na mlango.

Lakini labda mimi ndiye mwenye mikono baridi. Labda ni uchovu. Mzee wa Mvua husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini uchungu si ushahidi, na pale ng'ambo ya meza Kaka amekaa, mkono wake wa kulia umelowa tayari, mwenye hoja huchovya wa kwanza, ananitikisia kichwa, amevaa koti lake la siku ya kuapishwa, na najua anamwona nani anapomwangalia Pilipili, anamwona mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, ambaye Kaka alimbeba mgongoni kwenda hospitali mimi nikikimbia nyuma nimeshika kiatu kimoja kilichodondoka, homa ile ile, akamfikisha, akamlaza kitandani, na hakuna aliyekuwa na dawa, tukarudi na kiatu. Tangu hapo Kaka hakuoa mapema, hakujenga, hakuwa na rafiki, alikuwa na chungu na uzi. Na siku ya kuomba kura pale uwanjani, ambapo kila mgombea anasimama mbele ya watu na kuonyesha uganga wake halafu lazima ataje kasoro yake, wapi unaweza kuharibika na utamuumiza nani, maana kwetu usipotaja kasoro ya kazi yako hupati kura hata ya mama yako, mwenye kuleta mvua ataje mafuriko, mwenye taa ataje macho, Kaka alisimama na uzi wake na kusema ukweli wake wote. "Kasoro yake sijaiona bado. Mkinichagua nitaitafuta." Watu wakacheka, wakampenda, wakampa kura… na hakuitafuta, jamani, hakuitafuta, aliipenda sana kazi yake hata akasahau kuichunguza, na mimi nani wa kumlaumu, nilikuwa mstari wa mbele nikipiga vigelegele.

…aidha, anasoma Mama Mwenyekiti, ili kuokoa kuni na muda, nyuzi zote zilichemshwa katika chungu kikuu cha maabara, chombo kile kile kinachotumika kutengenezea vijiti vya homa vya hospitali zote, na Baraza linaipongeza idara kwa… ngoja. Ngoja, ngoja. Chungu gani? Anageuza ukurasa, anaendelea, hakuna aliyeshtuka, Fundi Taa anajifuta mkono kwa leso. Chungu kile kile. Nyuzi na vijiti. Hili analijua mtoto wa chekechea, vya chungu kimoja husikilizana, ndiyo maana vijiko viwili vilivyotoka chungu kimoja ukikipasha moto kimoja na cha pili kinakuunguza, ndiyo maana kengele ya mlango wangu ikigongwa na ya jirani inalia tukagombana mpaka tukabadilisha, nyimbo za kuruka kamba zinasema hivyo, Pilipili anaziimba… uzi haukumwambia mwanangu apoe. Uzi umekiambia kijiti kinyamaze. Homa iko pale pale, imekaa ndani kama mwenye nyumba, kilichopoa ni kijiti, na kijiti kipo kwenye kila hospitali, kila shule, vyote vimetoka chungu kile, hakuna hata kimoja mjini kinachoweza kuukana uzi, na sisi waganga wote tuliosoma tukapima uzi kwa ndugu yake, tukamuuliza shahidi aliyelala naye kitanda kimoja, kwa sababu chungu kikuu tumekizoea kama hewa na kwa sababu tumekatazwa kutumia mikono. Majaribio yale… wale watoto waliosemwa wamepona, nani aliwagusa? Ee Mola wangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa tumeyaficha kwa kura.

Sasa nimetulia. Ajabu, nimetulia kuliko jana, kuliko asubuhi, mkono wangu wa kushoto haujawahi kudanganya tangu jana mchana na ninauomba radhi. Bakuli limefika kwa Mzee wa Mvua, kiti cha pembeni yangu, maji ni meupe karibu ya maziwa, anachelewa kidogo, anamwangalia mtoto, halafu anachovya, vidole tu. Kuna sauti ndogo ndani yangu inasema funika kombe mwanaharamu apite, lowesha mkono, kikao kiishe, umwambie Kaka nyumbani mkiwa wawili, kwa heshima, ndugu yako huyo, koti la kuapishwa hilo, usimvue nguo mbele za watu… na kesho asubuhi? Makasha yanatoka asubuhi. Na huko nyumbani atanijibu mwavuli, na mimi nitaufunga uzi tena, nitarudi kukamua vitambaa. Hapana. Sheria imweke pale ambapo lazima asikie. Na ataumia, najua, atanitazama kama nimemnyang'anya mdogo wetu mgongoni, huenda akae mwaka mzima bila kukanyaga kwangu, na nitaumia kuliko yeye, basi tuumie, watu wazima huumia na wakaishi. Aliwaahidi watu kasoro. Hii hapa, inapumua mapajani kwangu, inatetemeka chini ya mtandio. Kama kuna mtu aliyestahili kumletea ni mimi niliyekimbia na kile kiatu. Na akishaiona, huyu ninamjua, atalia, halafu atakitupa chungu na kuanza upya, na mimi nitamchochea kuni, na tutatafuta kijiti kisicho na undugu na mtu. Lakini kwanza uzi huu utoke kwenye mkono wa mwanangu, naupapasa fundo kwa kidole gumba, limekaza, Kaka anajua kufunga, ukucha unaingia, linalegea, hivyo hivyo, umetoka, umelala kiganjani kwangu mwekundu na hauna uzito wowote. Pilipili anafumbua jicho moja. Tumeshafika nyumbani? Bado, mama, karibu.

Katibu amesimama mbele yangu. Bakuli lile lile, ukumbi ule ule, Mama Mwenyekiti yuko ukurasa ule ule wa pongezi, na Kaka ameanza kutabasamu, anajua baada yangu hamna wa kupinga, mikono yote inasubiri wangu. Katibu anakohoa, anasema mheshimiwa, mkono. Naukunja mkono wangu wa kulia juu ya meza, polepole, kidole kimoja kimoja, mkavu. Mama Mwenyekiti anashusha taarifa katikati ya neno. Tabasamu la Kaka linabaki usoni kwake kidogo kabla halijajua pa kwenda, na namwita, si mheshimiwa, namwita kama nilivyomwita siku ile nikikimbia nyuma yake.

"Kaka. Kijiti kiache mfukoni. Njoo umshike mpwa wako shingoni, kwa huo mkono wako mkavu."