Swichi ya Mtukufu Masizi

Moshingo ni nchi ya kilele kimoja na mabonde saba, na kwa miaka hamsini kilele hicho kilikuwa na tanuri la makaa ya mawe la kufua umeme, lililotema moshi juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mboga na juu ya vifua vya watoto, na huo moshi ndio uliokuwa fungu la mabonde, maana umeme wenyewe uliishia kwenye kasri la Mtukufu Masizi. Makombo ndiyo yaliyoteremshwa. Na mabonde yakimuudhi, Mtukufu alishusha swichi kubwa ya shaba ukumbini mwake, huko chini kukazima mpaka hasira zimpoe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, wala kumwambia Mtukufu kwamba amekosea. Ndiyo desturi, na watu wa Moshingo kwa desturi, jamani, hawajambo!

Fundi Nyamizi aliichukia swichi ile. Zahanati ya bondeni kwao ilikuwa na mashine moja ya joto ya watoto njiti, na mjukuu wake wa kwanza alifia humo siku Mtukufu aliponuna.

Tanuri lilipopasuka kwa uzee, Nyamizi alipanda Kileleni.

"Mtukufu, jua lipo, upepo upo. Turuhusu tuunganishe mabonde yote, umeme upande mpaka kwako."

"Unganisheni. Ila swichi yangu ibaki pale pale, kati yangu na ninyi."

"Na sola juu ya kasri? Hata chache?"

"Ebo! Nifunike vigae vyangu kwa vioo vya wakulima?"

"Kama ulivyosema, Mtukufu."

Basi wachochea makaa waliokosa kazi wakajifunza kuvuta nyaya, kila mtaa ukatoa mapaa yake yafungwe sola, na wenye mashine za kusaga, baada ya ubishi wa kununiana wiki nzima, wakakubali kusaga mchana tu, jua likiwa kali, ili jioni betri ziachiwe zahanati, ambako sasa mjukuu wa pili wa Nyamizi, Tunu, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alilala kwenye mashine ile ile.

Ikafika sikukuu ya utawala. Watu wa mabonde walikuwa kwenye mavuno, waliopanda kushangilia hawakujaza hata safu moja. Saa saba mchana Mtukufu alikatiza hotuba, akashuka jukwaani, akashusha swichi mbele ya wageni.

"Watanitambua!"

Aliporudi kwenye kipaza sauti, hakikutoa sauti. Feni zikasimama. Barafu ya wageni ikaanza kuyeyuka.

Nyamizi aliposikia swichi imeshushwa alikimbilia zahanati bila viatu. Taa ya mashine ilikuwa inawaka. Tunu alinyoosha mguu, akalala tena, na bibi yake akaketi sakafuni akalia kwa furaha.

Mjumbe wa kasri akamkuta hapo, anahema.

"Mama, kwetu kumezima. Mafundi wamekagua kila waya."

"Na swichi?"

Mjumbe aligeuka kutazama nyuma kwanza. "Imeshuka."

"Basi aipandishe."

"Nani amwambie?"

"Mimi nina mtoto wa kuangalia, mwanangu."

Kama Nyamizi alijua tangu siku ya kwanza swichi ingezima upande gani, hajasema. Huu ni mwezi wa pili. Tunu yuko nyumbani, mnene. Kileleni mtumishi huing'arisha swichi kila asubuhi bila kuisogeza, na wapitao dirishani husema Mtukufu husimama kando yake, mkono juu ya shaba, akisubiri mabonde yaje kuomba msamaha.